Kuvu Tumboni mwa Njiwa wa Mjini

Ndugu wasikilizaji, naomba leo tuingie tumboni mwa njiwa wa kawaida, yule anayelala kwenye kingo za madirisha ya maghorofa ya Kariakoo na kushuka asubuhi kudonoa mchele uliomwagika sokoni. Chakula anachomeza hukaa kwanza katika gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, kisha hupita katika tumbo lenye asidi, husagwa ndani ya firigisi, na kuteremka matumboni hadi kwenye kloaka, yaani tundu la nyuma la kutolea taka. Njia yote hiyo ina kuvu, nyingi zikiwa za jamii ya hamira, na mtaalamu anayepitisha kijiti cha pamba katika kloaka ya njiwa wa mjini huotesha mara kwa mara hamira ziitwazo kandida, au nyingine iitwayo Rhodotorula yenye rangi ya waridi. Nyingi ni abiria tu, zilizoingia na punje na matunda yaliyooza na zitakazotoka na kinyesi.

Abiria anayezungumzwa zaidi ni Cryptococcus neoformans. Francesco Sanfelice aliipata kwenye juisi ya pichi huko Italia mwaka 1894, na mwaka 1955 Mmarekani Chester Emmons akaonyesha kwamba imo katika viota na kinyesi cha njiwa. Kwa kuwa kuvu hiyo husababisha homa ya uti wa mgongo, hasa kwa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na UKIMWI, wengi walikata shauri kwamba njiwa ni mgonjwa anayetuambukiza. Mimi siwaungi mkono, na hoja yangu ni joto. Mwili wetu una nyuzi 37 hivi, ilhali wa njiwa hufika 41 au 42, na kuvu hii haistawi ikishavuka nyuzi 40. Inaweza kupita matumboni ikatoka hai, lakini kustawi humo ni jambo jingine, na njiwa mwenyewe ni nadra kuugua.

Shamba lake hasa ni kinyesi. Kina kreatinini, taka yenye nitrojeni ambayo kuvu hii huigeuza chakula, na ndiyo maana kinyesi kikavu cha siku nyingi, kilichojikusanya darini mahali pasipofikiwa na jua, huwa nayo kwa wingi kuliko kile kibichi. Ikikauka, seli zake husinyaa zikawa ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu zikipeperushwa na ufagio.

Kuitambua maabara kuna utamu wake. Mwaka 1962 Friedrich Staib wa Ujerumani alichanganya agari, ule utelezi ulioganda wa kuoteshea vijidudu maabara, na mbegu nyeusi za Guizotia, zao la mafuta la nyanda za juu za Ethiopia ambalo Wazungu hulishia chiriku wao vizimbani. Ukipaka maji ya kinyesi kwenye sahani hiyo na kusubiri siku chache, hamira nyingine hubaki nyeupe au za rangi ya maziwa, huku makundi ya Cryptococcus yakigeuka kahawia kama madoa ya kahawa, kwa sababu hutengeneza melanini, rangi ya weusi, kutokana na kemikali za mbegu. Sijachoka kuitazama sahani hiyo.

Mwenyeji halisi wa tumbo la ndege ni mwingine: Macrorhabdus ornithogaster, kuvu ndefu na nyembamba kama vijiti, inayokaa pale tumbo la asidi linapokutana na firigisi. Haiogopi joto la ndege wala asidi. Kwa umbo hilo ilidhaniwa kuwa bakteria kubwa, na ni mwaka 2003 tu ilipothibitishwa kuwa hamira. Hujulikana zaidi kwa kasuku wadogo na chiriku wa kufugwa, ambao huweza kukonda hadi kufa huku wakiendelea kula.

Nikirudi kwenye dari zenu, kwa vile najua swali litakuja: kuua njiwa hakuondoi kilichokwisha kurundikana. Kilowesheni kinyesi maji kwanza ili vumbi lisipae, mfunike pua na mdomo kwa barakoa, ndipo mkikwangue, na asitumwe kazi hiyo mtu mwenye kinga dhaifu. Kisha zibeni matundu wanamopenyea, baada ya kuhakikisha hakuna makinda ndani.