Anzia kwenye stima: kutafuta hitilafu katika kompyuta ndogo ya video nyumbani

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa mtaa, Buruburu, Nairobi

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja mkapambana na msongamano wa Jogoo Road.

Hii niliyoshika ni Raspberry Pi, kompyuta nzima kwenye bodi moja, isiyozidi kitambulisho kwa ukubwa. Ilianza kuuzwa Februari 2012 huko Uingereza, na lengo lilikuwa watoto wajifunze kuandika programu. Watu wakagundua kwamba ukiitilia Kodi, ile programu ya kuchezea video iliyoitwa XBMC hadi 2014, na kuichomeka kwenye TV, una sinema nyumbani. Katika nyumba ninazoingia mimi, diski iliyochomekwa hapo huwa na video za harusi, za mazishi, za mtoto akighani shairi shuleni, na nyimbo za kwaya. Vyote hivyo vinachezwa bila kula bando. Kwa hiyo kifaa kinapogoma, watu huumia kwelikweli, na ndiyo maana nimeomba nafasi ya kusema nanyi leo.

Niwaeleze kisa cha shangazi yangu anayeishi Umoja. Nilimfungia Pi 3, yaani Raspberry Pi ya kizazi cha tatu, na diski ya nje yenye video za mume wake aliyefariki. Kila jioni video ikicheza dakika chache, picha inaganda, skrini inakuwa nyeusi, kisha kifaa kinajiwasha upya. Akanipigia: "Mwanangu, kimezimika tena." Nikaenda nikasakinisha programu upya. Wiki iliyofuata nikabadilisha kadi ya kumbukumbu. Iliyofuata nikaweka toleo jingine kabisa la programu. Wikendi tatu nzima, na hali ni ile ile.

Safari ya nne nilibeba mita ya kupimia volti. Kwenye ule mstari wa pini pembeni mwa bodi, pini ya 2 ni volti 5 na pini ya 6 ni grandi, yaani upande hasi. Nikagusisha waya za mita hapo, kwa uangalifu, maana ukiteleza ukagusanisha pini mbili unaweza kuiua bodi. Kikiwa kimetulia, mita ilisoma 4.9. Nikamwomba shangazi afungue video. Diski ikaanza kuzunguka, nikaisikia ikilia, na mita ikashuka hadi 4.5. Taa nyekundu ya bodi ikazimika, ikawaka, ikazimika. Nikamuuliza shangazi kama amewahi kuona alama yoyote kwenye TV. Akaniambia: "Ile radi ndogo ya manjano huko juu kwenye kona? Hiyo huwa ipo siku zote. Nilidhani ni ya TV."

Ile radi ndiyo iliyokuwa na jibu. Bodi huionyesha volti zikishuka chini ya 4.63. Kifaa kilikuwa kikilia njaa ya stima kwa wiki tatu, nami nikikipa programu.

Kosa lilikuwa chaja ya simu na waya mwembamba mrefu. Pi 3 inahitaji chaja ya volti 5 na ampea 2.5. Pi 4 inahitaji ampea 3, na Pi 5 inataka hadi ampea 5. Chaja nyingi za simu zinazosifiwa kwa kasi hutoa nguvu hiyo kwa volti 9 au zaidi, baada ya kuelewana na simu. Zikirudi kwenye volti 5, ampea zake ni chache. Nao waya mwembamba hupoteza volti njiani, na ndiyo maana chaja rasmi ya Pi imetengenezwa itoe 5.1, ili kinachopotea kwenye waya kisifikishe bodi pabaya. Ukienda kununua Luthuli Avenue, usisome maandishi makubwa ya mbele ya pakiti. Geuza chaja, tafuta neno OUTPUT, usome mstari wa 5V. Diski ya nje inayozunguka nayo ipewe stima yake yenyewe, kupitia habu, kile kigawanyio cha matundu ya USB, yenye chaja yake, isinyonye kwenye bodi. Nilimbadilishia shangazi chaja na kuongeza habu, na kifaa chake hakijazimika tangu siku hiyo.

Asiye na mita asikate tamaa. Ingia kwenye bodi kwa SSH, yaani njia ya kuiandikia amri kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, andika amri vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, stima iko sawa tangu ulipowasha. Ikijibu 0x50005, una njaa ya stima sasa hivi. Ikijibu 0x50000, ilitokea tangu ulipowasha, ila kwa sasa imepita. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu hitilafu nyingi hazijitokezi fundi akiwepo.

Naomba mnisikilize sana hapa: badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike kwenye daftari. Ukibadilisha chaja, kadi na programu siku moja na kifaa kikapona, hujui ulichokitibu, na kesho utatumia pesa tena.

Sasa kadi ya kumbukumbu. Sisi tunajua stima inavyopotea, na wakati mwingine inapotea mara tatu kwa saa moja. Kadi ikikatiwa stima katikati ya kuandika, faili huharibika. Ukiona mraba wa rangi za upinde wa mvua umeganda kwenye TV, bodi imeamka lakini haikufaulu kuanzisha mfumo ulio kwenye kadi. Taa ya kijani isipomemeteka kabisa, huenda kadi haisomeki hata kidogo. Wakati mwingine Kodi inafunguka vizuri ila orodha ya video imetoweka: hapo faili za video ziko salama kwenye diski, kilichoharibika ni hifadhidata ya orodha. Usifute chochote kwa hofu. Anayetumia LibreELEC, mfumo mdogo wa kuendeshea Kodi, ana sehemu ya kufanya nakala rudufu ndani ya mipangilio yake. Ifanye leo usiku, uihifadhi nje ya kadi.

Na kadi bandia zipo. Imeandikwa 64GB, ndani mna 8GB. Zitafanya kazi hadi zijae, kisha zianze kula faili zako. Kabla ya kuiamini kadi mpya, ijaze yote na kuisoma yote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Inachukua muda mrefu. Ivumilie.

Kuna jambo jingine la stima ambalo huwachanganya wengi. Bodi zote kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea kutembea zikizimwa, na Pi 5 yenyewe lazima uinunulie betri ya saa. Stima ikirudi, Pi huamka haraka kuliko ruta, haipati mtandao, haijui tarehe. Vyeti vya usalama vya intaneti vinakataliwa kwa sababu tarehe si sahihi, na folda zilizo kwenye kompyuta nyingine hazionekani. Mtu anasema Kodi imeharibika, kumbe ruta ilikuwa bado inaamka. LibreELEC ina chaguo la kusubiri mtandao kabla ya kufungua Kodi. Liwashe.

Picha inayokatakata nayo ina visa vyake. Kijana mmoja aliniambia video za zamani zinacheza vizuri, ila ya harusi ya dada yake, iliyorekodiwa kwa simu mpya, inaruka kama mtu mwenye kwikwi. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa HEVC, kodeki mpya, yaani njia ya kubana video, iliyokuja baada ya ile ya zamani, H.264. Pi 3 ina saketi ya kufungua H.264, lakini haina ya HEVC, basi prosesa inajaribu kuifanya kazi hiyo yenyewe na inazidiwa. Pi 4 na Pi 5 zinayo. Video ikiwa inacheza, bonyeza herufi o kwenye kibodi, Kodi itakuonyesha aina ya kodeki, na kama kazi inafanywa na HW, yaani saketi maalumu, au SW, yaani prosesa. Ukiona SW kwenye HEVC na una Pi 3, usihangaike na mipangilio: geuza hiyo video iwe H.264 kwenye kompyuta kubwa, mara moja tu.

Joto pia huleta kukatakata. Pi 4 ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguzia kasi. Nimeikuta imefungiwa nyuma ya TV, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isishike vumbi. Mpe mwenye nyumba pole, kisha toa kitambaa.

Kwa haraka: kama Pi 4 haitoi picha, tumia tundu la HDMI lililo karibu na la stima, na uwashe TV kwanza. Kama rimoti ya TV haiongozi Kodi, tafuta CEC kwenye menyu ya TV, ndiyo inayoruhusu rimoti kuongoza kifaa kupitia waya wa HDMI. Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink. Na faili inayokataa kunakiliwa kwenye flashi, ikiwa inazidi 4GB, shida ni FAT32, mpangilio wa flashi usiopokea faili kubwa hivyo.

Nimeweka mita na chaja tatu hapa mezani. Aliyekuja na bodi iliyogoma ailete mbele tuipime pamoja, ila aichomeke kwa chaja na waya anaotumia nyumbani, siyo wa kuazima kwa jirani.