Rangi ya kucha kwenye shokapu (na somo la kuzama linaahirishwa tena)

ELIA: Haya inarekodi. Zuhu usianze kucheka.

ZUHURA: Sijacheka, naangalia tu hicho kidole gumba chako.

ELIA: Tutafika huko. Jamani, Jumamosi nashuka na baiskeli kutoka kijiji cha Materuni, ile njia ya ndani ya vihambani, mi nimeipita mara mia, sa kuna mfereji unakatiza pale na mvua imeuchimba, mi nikajua ni ule ule wa siku zote. Tairi la mbele likaingia, shokapu ikazama yote, ikagonga ngo! Mimi migombani, baiskeli kwenye mawe.

ZUHURA: Pole kaka. Uliumia?

ELIA: Goti kidogo. Aliyeumia ni foku, yaani hiyo shokapu ya mbele, ule mguu wa juu unaong'aa umechubuka.

ZUHURA: Wapi sasa? Maana hiyo ndo habari yenyewe. Mchubuko ukiwa juu kabisa, pale oilsili, ile raba inayozuia oili isitoke, haifiki hata shokapu ikizama mpaka mwisho, achana nao. Ukiwa chini ya hapo kila ukizama unaikwangua oilsili kama mbuzi ya nazi, oili inatoka vumbi linaingia.

ELIA: Katikati kabisa. Jumapili oili ikaanza kuchuruzika. Ndo nikakumbuka ile dawa, msasa laini kabisa, namba 1500 na maji, unapitisha pole pole kutoa kinundu kilichoinuka tu, usikwangue pengine, unafuta kwa spiriti afu kile kishimo unajaza rangi ya kucha. Inakauka, unaongeza, inakauka, mpaka ijae, afu msasa tena hadi ukipitisha ukucha husikii kitu.

ZUHURA: Rangi ya kucha ya wifi.

ELIA: Hapana! Nilienda dukani kununua.

ZUHURA: Ehee, hebu simulia.

ELIA: Nikamwambia yule dada nataka rangi ya kucha, akaniuliza mke wako ni mweupe au maji ya kunde. Nikamwambia ni ya baiskeli. Akaita mwenzake wa duka la pili aje asikie.

ZUHURA: Mungu wangu.

ELIA: Akaja na wa tatu. Wananishauri sasa, huyu anasema chukua ya kung'aa ung'ae barabarani, huyu anasema baiskeli ni ya kiume au ya kike, mi natafuta tu isiyo na rangi maana ugumu ni ule ule, wakasema imeisha.

ZUHURA: Kwa iyo ukachukua...

ELIA: Zambarau.

ZUHURA: (anacheka) Nilijua! Sa si uniambie mimi, mi ninayo isiyo na rangi nyumbani.

ELIA: Wewe ukishapata habari Moshi nzima inajua.

ZUHURA: Na oilsili ulibadilisha? Maana hiyo ilishachanika.

ELIA: Naagiza.

ZUHURA: Kaka! Umeziba shimo kwenye paa afu maji unayaacha ndani. Lazima ufungue miguu ya chini, usafishe, oilsili mpya, oili mpya. Hata bila ajali RockShox wenyewe wanaotengeneza foku wanasema miguu ya chini ihudumiwe kila saa 50 za kuendesha, sa kwa vumbi letu hili mi hata hizo 50 sizisubiri. Na ile pampu ya kuoshea magari usiielekeze kwenye oilsili.

ELIA: Ndo maana nasema foku ya springi ya chuma oyee. Hii foku ya upepo kuna jamaa anauza ya mtumba, mi siitaki, oringi moja, ile pete ya mpira, ikichoka ndani unarudi nyumbani unasukuma.

ZUHURA: Weye una kilo 94, springi yoyote inakusikia. Mimi na 58 zangu ile springi ya dukani haishtuki hata kidogo, ni kama nimefunga bomba la maji. Ya upepo natoa kidogo, naongeza kidogo, inanijua.

ELIA: Si unabadilisha springi, unaweka laini.

ZUHURA: Duka gani hapa linauza springi laini ya foku? Nitajie moja.

ELIA: Na duka gani linauza pampu ya shokapu? Maana ya tairi haifai, unatafuta psi 70 ukiichomoa tu upepo ushatoka wote.

ZUHURA: Yangu ipo kwako tangu Pasaka!

ELIA: ...Hilo ni suala lingine.

ZUHURA: Ndo suala lenyewe! Unapinga upepo na pampu yangu imelala uvunguni kwako.

ELIA: Hata nikiirudisha leo, porini springi haikuachi. Sibadiliki.

ZUHURA: Na mi sibadiliki. Andikeni.

ELIA: Tuna dakika mbili. Tulisema leo tutafundisha kupima shingo ya foku, ule mrija unaoingia kwenye fremu, iliyonyooka na ile inayonenepa chini, afu kupima kuzama, yaani foku inashuka kiasi gani ukikaa tu...

ZUHURA: Kuzama tuliahidi tangu wiki mbili zilizopita.

ELIA: Haraka haraka basi. Foku ya milimita 100, ukikaa umevaa kila kitu, ile oringi ya mguuni isogee juu kama...

ZUHURA: Milimita 20. 25 kama njia mbovu. Ila na springi yako hiyo utarekebisha nini?

ELIA: Usianze tena!

ZUHURA: Mi naondoka, Coaster ya Arusha hainisubiri. Pampu ipo wapi?

ELIA: Chukua, ipo nyuma ya mlango.

ZUHURA: Hii imepakwa zambarau.