Ufufuo na Daftari la Rambirambi

(Mhadhara kwa kina mama na vijana wa ushirika, Mbeya mjini, juma la baada ya Pasaka)

Bwana asifiwe! Wachungaji, wazee wa kanisa, kina mama, vijana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeonywa kwamba mvua ikianza kupiga bati hatutasikilizana, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwa Paulo.

Katika 1 Wakorintho 15 Paulo anaweka kila kitu rehani. Kristo asipokuwa amefufuka, anasema, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Hajitetei kwamba tungebaki na mafundisho mazuri. Tungekuwa maskini kuliko watu wote. Kisha anataja mashahidi: Kefa (ndiye Petro), wale Thenashara (wanafunzi kumi na wawili), ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo. Wengi wao, anasema, bado wapo. Maana yake, kawaulizeni! Barua hii iliandikwa takriban mwaka 55. Hata miaka 30 ilikuwa haijatimia tangu msalabani.

Kilichowasumbua baadhi ya Wakorintho ni habari ya wafu kufufuliwa na miili yao. Nasi tunaumwa ugonjwa huohuo. Sikilizeni tunavyosema misibani: roho imekwenda zake, mwili umebaki kama gunia tupu. Injili haisemi hivyo. Yesu aliyefufuka ana makovu, na Tomaso anaitwa ayaguse. Katika Yohana 21 yuko ufukweni, moto wa makaa unawaka, samaki wako juu yake, anawaambia wanafunzi, "Njoni mfungue kinywa." Ninyi wa Kyela mnalijua jambo hili kuliko mimi: mvuvi aliyekesha ziwani hana haja ya kuanza na hotuba.

Kwa hiyo mwili una thamani mbele za Mungu, hata ule uliozikwa. Ndiyo maana sisi Wamoraviani alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, kwa kundi la vijana (vijana, mnasikia?), na Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Katika liturujia ya asubuhi ile tunawakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kila aliyelala ameacha nyumba. Siku ya mazishi sisi ni hodari: turubai, maharage, mchele, lori la kubeba watu, daftari la rambirambi lenye majina mpaka ukurasa wa mwisho. Matanga yakiisha, daftari linafungwa. Mjane anaambiwa na ndugu wa mume kwamba shamba la chai ni la ukoo. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Nasi tuliosimama kaburini tukitangaza ufufuo tunasema, "Hayo ni mambo ya familia."

Paulo hakuruhusu njia hiyo. Anaifunga sura ya 15 kwa kusema taabu yenu siyo bure katika Bwana. Geuza ukurasa. Mstari wa kwanza wa sura ya 16 ni nini? "Kwa habari ya ile changizo." Kutoka parapanda ya mwisho, ile itakayowaamsha wafu, mpaka fedha, bila hata kuvuta pumzi! Na anaelekeza namna: siku ya kwanza ya juma, ndiyo siku aliyofufuka Bwana, kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake.

Pendekezo langu ni dogo. Orodha ya waliolala mwaka huu isiishie kwenye faili la ofisi. Wapewe wazee wa kanisa na kina mama, waende nyumba kwa nyumba, waulize: shamba liko kwa nani, watoto wanasoma wapi, nani anadaiwa? Na pale mjane anaponyang'anywa, kanisa limsindikize mpaka baraza la kata, na mahakamani ikibidi.

Naona mtunza hazina ameshakunja uso. Basi tuanze na swali lake.