Kompyuta Inamuuliza Nani Kwanza?

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumze kuhusu mpangilio wa vifaa vya kuwashia kompyuta, na nimeshaona nyuso mbili tatu hapo nyuma zinakunjamana. Msiwe na wasiwasi. Naanza na mama mmoja na kaswida zake.

Wakati huo ndio kwanza nimefungua kibanda changu. Mama huyo akaja na bajaji, kompyuta ya mezani kaifunga kwa khanga kama mtoto mchanga. Fundi aliyemwendea kwanza alikwisha mwambia diski imekufa, anunue nyingine. "Mwanangu, niambie ukweli," akasema, "humu mna picha za harusi ya binti yangu." Nikaiwasha. Kioo cheusi, maandishi meupe ya Kiingereza yakitaka uondoe diski na ubonyeze kitufe chochote. Nabonyeza, yanarudi yale yale. Nabonyeza tena, yale yale. Nikazunguka nyuma ya boksi, nikakuta flashi imechomekwa, ile anayowekea kaswida zake. Nikaichomoa, nikawasha upya, na baada ya kitambo bwana harusi huyo kajaa kioo kizima, na suti yake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaona haya kumtoza. Nilipokea hela ya soda tu.

Sasa swali ni hili: flashi ya kaswida inawezaje kuua kompyuta? Nilimhoji mama kidogo. Kumbe wiki chache nyuma kuna kijana alimpigia Windows, yaani alimwekea mfumo wa kuendesha kompyuta, kwa kutumia flashi, akaiweka USB, yaani flashi, mbele ya foleni ya kuwashia, kazi ilipokwisha akaondoka bila kurudisha. Mama alizoea kuchomeka flashi yake mashine ikishawaka. Siku hiyo aliisahau humo usiku kucha.

Neno langu la leo ni hilo hilo, foleni. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kompyuta haijui kitu. Haijui Windows, haijui picha za harusi, haijui hata kama ina diski. Kinachoamka ni programu ndogo iliyokaa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, wengi tunaiita BIOS. Inakagua kumbukumbu, inakagua kibodi, halafu inaanza kuuliza vifaa kimoja kimoja: wewe una mfumo wa kuniendesha? Atakayejibu wa kwanza anakabidhiwa usukani.

Na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo mafundi wengi wanapopotea. Kwenye mashine za zamani swali lenyewe ni jepesi mno. BIOS inasoma baiti 512 za mwanzo za kifaa, yaani vipande vidogo vya data. Inatazama mbili za mwisho kabisa: zikiwa 55 na AA, basi, imeridhika. Haiulizi una Windows au una kaswida. Na flashi iliyofomatiwa kwa Windows kwa kawaida inazo alama hizo, pamoja na kijiprogramu kidogo ambacho kazi yake ni moja tu: kuandika yale maneno ya "ondoa diski". BIOS ikishakabidhi usukani hairudi tena kwenye foleni kumuuliza wa pili. Diski ya mama ilikuwa nzima, imekaa nafasi ya pili, inasubiri kuulizwa swali ambalo halikufika.

Ubishi huu wa nani awe mbele si wa juzi. Kompyuta ya IBM ya Agosti 1981 ilitazama flopi kwanza, ile diski nyembamba ya kuchomeka na kuchomoa. Isipokuwepo, inafungua BASIC, lugha ya kuandikia programu, iliyochomwa ndani ya mashine. Diski za ndani zilipoingia, flopi ikaachwa pale pale mbele, na ilikuwa na maana: diski mpya ni tupu, mfumo utautoa wapi kama si kwenye flopi? Lakini mwaka 1986 kikatokea kirusi kilichoitwa Brain, kutoka Lahore, Pakistani, kilichojificha kwenye zile baiti za mwanzo za flopi. Hicho kiliambukiza flopi tu. Virusi vilivyokifuata, kama kile kilichoitwa Michelangelo cha 1991, viliingia mpaka kwenye diski kuu. Unasahau flopi ya rafiki usiku, asubuhi unawasha, unaona maneno ya kosa, unaichomoa huku ukijilaumu. Umechelewa. Kirusi kilishapita wakati unasoma yale maneno. Tangu hapo ushauri ukawa weka C, yaani diski ya ndani, mbele ya A, yaani flopi, na mimi mpaka leo sijauacha, ingawa flopi yenyewe vijana hapa mnaijua kwa picha ya kitufe cha kuhifadhi.

CD ziliruhusiwa kuingia foleni mwaka 1995, USB baadaye. Hapo sina la kusema.

Kilichobadilisha mambo ni UEFI, mrithi wa BIOS, ambayo mashine za nyumbani zilianza kuja nayo kwa wingi kuanzia Windows 8, mwaka 2012. Hapa foleni si ya vifaa tena, ni ya majina. Ukifungua orodha unaona "Windows Boot Manager", pengine na "ubuntu", mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, chini yake, na vyote viwili viko kwenye diski ile ile moja. Kila jina linaelekeza kwenye faili fulani katika kasehemu kadogo ka diski. Na majina hayo hayakai kwenye diski, yanakaa kwenye mazabodi. Ndiyo maana ukihamisha diski kutoka laptopu moja kwenda nyingine, jina linabaki nyumbani kama mke aliyekataa kuhama. Mashine mpya inabidi itafute faili la akiba, linaitwa bootx64.efi, na likiwepo mambo yanaendelea. Faida yake: flashi ya kaswida isiyo na faili hilo inarukwa, foleni inasonga. Mama yule angekuwa na mashine ya namna hii tusingejuana.

Hasara yake ni kwetu mafundi. Unatengeneza flashi ya kupigia Windows kwa mtindo wa zamani wa BIOS, unaichomeka kwenye laptopu mpya, haionekani kabisa kwenye orodha. Unaanza kulaumu flashi, unalaumu tundu la USB. Flashi ni nzima. Wewe na mashine hamzungumzi lugha moja.

Basi mfanyeje? Mimi nasema foleni muiache. Diski ya ndani ikae mbele daima. Ukitaka kuwasha kwa flashi, kuna menyu ya mara moja: unachagua mgeni wa leo, na ukizima imesahau. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9, laptopu za ASUS ni Esc. Gonga-gonga mara tu unapowasha, usingoje nembo. Windows za sasa zinawaka haraka hadi unapitwa. Ikiwa hivyo, ndani ya Windows shikilia Shift halafu bonyeza Restart, utapata njia ya kuchagua kifaa.

Wenye mashine za mtumba kutoka maofisini Ulaya au Dubai, ninyi nina neno lenu. Ukiwasha ukaona mstari wa "Start PXE over IPv4" na mashine inasimama kama inayosubiri mtu, ujue inasubiri kweli: inatafuta seva ya ofisi yake ya zamani kwenye mtandao. Huo mtandao uondoe mbele ya foleni. Na kama kila umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma na mpangilio unaharibika, betri ya mazabodi imekwisha. Ni CR2032, mviringo kama sarafu, bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai.

Tahadhari moja, nawaomba sana. Laptopu nyingi za sasa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows. Ukichezea mipangilio ya kuwashia inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uutafute kabla, uuandike kwenye karatasi. Nimeona mtu mzima analia kwa ajili ya hizo tarakimu.

Haya, nimeleta Dell hapa, na flashi yenye Linux, mfumo mwingine usio Windows. Naizima. Nawasha, F12, F12, F12... mnaona? Mstari wa juu ni diski, wa chini ni flashi. Nachagua wa chini, inawaka Linux. Sasa nazima, flashi naiacha humo humo kama mama. Nawasha bila kugusa kitufe. Windows. Flashi imo, na hakuna aliyeiuliza.

Nani kaja na mashine isiyoitika kitufe chochote? Wewe mzee mwenye kofia, naona umeikumbatia tangu mwanzo. Ilete hapa mezani tuione.