Kosa la Mtoto Lina Kanuni Yake: Wiki Moja ya Darasa la Nne

Ndugu wazazi na walezi, shikamooni wakubwa zetu, na wengine habari za asubuhi. Mmeitwa ili mjue watoto wa darasa la nne wanasoma nini wiki hii. Ratiba imebandikwa ukutani, sitaisoma. Tufungue madaftari tuangalie makosa, kwa sababu kosa linaeleza kichwa cha mtoto kinavyofikiri kuliko alama ya vema.

Tuanze na Hisabati. Wanatoa namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati. Swali la Jumatatu lilikuwa 502 toa 178. Jibu ni 324, lakini madaftari kadhaa yana 476. Tazameni ilivyopatikana: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 5 toa 1 ni 4. Huyu mtoto hajakosea kutoa hata mara moja. Amejiwekea kanuni kwamba kila safu unachukua tarakimu kubwa na kuitoa ndogo, na kanuni hiyo ameifuata kwa uaminifu. Mkimwambia "rudia, tulia" atatulia na ataleta 476 ileile.

Wengine wameandika 334. Hilo ni kosa lingine kabisa. Huyu anajua kwamba sifuri ya makumi haina cha kuazimisha, akavunja mia moja ikawa makumi 10. Kisha akapeleka kumi moja kwenye mamoja yakawa 12, ila akasahau kwamba makumi yamebaki 9. Amekaribia sana. Wa 334 anahitaji kukumbushwa tu kuandika 9 juu ya sifuri. Wa 476 arudishwe kwenye vijiti: afunge mafungu ya kumikumi na ya miamia, afungue mia moja kwa mikono yake, aone 502 ikiwa mamia 4, makumi 9 na mamoja 12. Vijiti vya mfagio vinatosha.

Alhamisi wanagawanya. 618 kwa 6 ni 103, na najua nitaona 13 nyingi. Anagawanya 6, anaona 1 haitoshi, anateremsha 8, anasahau kuandika sifuri ya kushika nafasi ya makumi. Msimpe jibu. Mwulizeni 600 kwa 6 ni ngapi. Akisema 100, ataiona 13 yake imekuwa ndogo mno.

Sasa Sayansi, ambako ndiko kazi kubwa ya wiki ilipo: mahitaji ya mbegu ili iote. Maharage yalilowekwa usiku wa Jumapili. Chupa nne za plastiki zimekatwa, kila moja ina maharage matano. Ya kwanza ina pamba yenye unyevu na iko wazi mezani. Ya pili ni vilevile, ila imefunikwa ndani ya boksi lisilopitisha mwanga. Ya tatu ina pamba kavu, na maharage yake peke yake hayakulowekwa. Ya nne haina pamba: maharage yamezama kwenye maji yaliyochemshwa, na juu yake kuna mafuta ya kula unene wa sentimita moja. Kuchemsha kunafukuza hewa iliyomo majini, mafuta yanaizuia isirudi. Maji lazima yapoe kwanza, la sivyo mnapika maharage.

Kinachoharibika mara nyingi ni chupa ya kwanza. Mtoto ana huruma, anamwagilia kila anapopita, pamba inaelea, hewa inakosekana, mbegu inanuka na kuoza. Pamba ikishalowa ikamuliwe mpaka isidondoshe tone. Sababu nyingine ni maharage ya zamani, au yaliyopasuka na kupoteza kiini. Hayo hayataota hata ukiyabembeleza. Mzizi huonekana kati ya siku ya pili na ya nne kwenye joto kama la Dar es Salaam. Kwenye baridi ya Njombe au Lushoto subirini zaidi.

Jambo la kuangalia ni chupa ya boksini. Watoto wengi wameshaandika kwamba haitaota "kwa sababu hakuna mwanga". Itaota. Haragwe halihitaji mwanga ili liote. Linahitaji maji, hewa na joto la kutosha, na chakula limekibeba lenyewe. Tena mche wa gizani utarefuka kuliko wa mezani, ila utakuwa mwembamba na wa manjano. Mwanga unahitajika baadaye, majani yanapoanza kujitengenezea chakula. Ndiyo maana kwenye somo la Kiswahili wiki hii wanaandika taarifa yenye sehemu mbili, nilichotarajia na nilichokiona, na ya kwanza hairuhusiwi kufutwa. Humohumo tunasahihisha "maharage zimeota" kuwa "maharage yameota".

Urefu wa miche wanaupima kwa rula. Rula nyingi zina nafasi ndogo kabla ya sifuri. Anayeanzia ukingoni anapata kipimo pungufu kwa milimita kadhaa, na anayeanzia kwenye 1 anapata sentimita moja ya ziada.

Jiografia na Mazingira ni pande za dunia. Kosa hapa ni kuamini kaskazini iko juu ubaoni. Simikeni kijiti wima uwanjani, wekeni jiwe kwenye ncha ya kivuli, subirini dakika 20, wekeni jiwe la pili. Jiwe la kwanza liko magharibi, la pili mashariki. Msimfundishe mtoto kwamba kivuli cha mchana kinaelekea upande mmoja mwaka mzima: hapa Tanzania mwezi Juni kinaelekea kusini, na Desemba kinaelekea kaskazini. Wala kivuli kifupi kabisa hakiji saa 6 kamili. Dar es Salaam huchelewa kama dakika 20, Kigoma hukaribia saa 7, ingawa saa zetu ni moja.

Historia ya Tanzania na Maadili, na Kiingereza, wiki hii ni marudio, hayana la kuwachelewesha.

Kwa wenye jokofu nyumbani, kuna chupa ya tano, ya kupima hitaji la joto, tusiyoweza kuifanya shuleni: pamba yenye unyevu, maharage matano yaliyolowekwa, iwekwe kwenye sehemu ya kawaida, si ya barafu. Kwa kuwa ndani mna giza, ilinganisheni na chupa ya boksini, si ya mezani. Mtoto aje na taarifa yake Ijumaa.