Ukiambiwa "Wewe ni Mmoja Wetu", Omba Ratiba

Asante, mwenyekiti. Waliowahi kunisikia wanajua nitakachosema, na najua wapo humu waliofuata chai tu. Karibuni. Chai nayo nitaifikia.

Au pair ni maneno ya Kifaransa, maana yake sawa kwa sawa. Binti, siku hizi hata kijana wa kiume, anakwenda nchi ya watu, anakaa na familia, anawalea watoto wao, anakula na kulala kwao, anapewa pesa ya mfukoni. Ulaya waliandikiana mkataba wa jambo hili mwaka 1969. Marekani ikaanza mpango wake mwaka 1986, ikauweka kwenye fungu la mabadilishano ya utamaduni. Si kazi, ni utamaduni! Shikeni hapo, tutarudi. Viza yake ni J-1, familia moja na ya wanafunzi na watafiti wa kubadilishana. Umri ni miaka 18 hadi 26. Ukimwita mfanyakazi, wakala, ile kampuni inayomkutanisha na familia, anakukatisha kabla hujamaliza sentensi.

Sasa, yule binti wangu.

Mwaka 2013 nilikuwa kwenye mji mdogo nje ya Boston, nasoma jioni na mchana namhudumia bibi mmoja mzee. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa na baba, mama, watoto watatu na binti wa Kiingereza wa miaka 19, mwenyeji wa kaskazini ya Uingereza. Tulijuana njiani. Kila asubuhi yeye anasukuma kigari cha mtoto kumpeleka kituo cha kulelea, mimi nasukuma kiti cha magurudumu cha bibi. Madereva wawili wa barabara moja, tutaachaje kusalimiana?

Siku ya kwanza hakuniambia habari za kwao wala za watoto. Alinilalamikia chai. Nyumba ina majokofu mawili na televisheni jikoni, lakini haina birika! Wakitaka chai wanatia kikombe cha maji kwenye maikrowevu, wanatumbukiza kipakiti, basi. Nilimhurumia kwa dhati, maana na mimi lilikuwa limenikuta. Nikamwalika kwa bibi, nikampikia ya maziwa kwenye sufuria, tangawizi nimeiponda mwenyewe. Akachungulia ndani ya kikombe kama mtu aliyepewa dawa ya mizizi. Akanywa viwili.

Kuanzia hapo akawa anakuja kila Jumanne, na ndipo nilipoanza kusikia mambo.

Mama wa nyumba, tuseme siku ya Alhamisi, anamuuliza: kesho jioni utaweza kubaki na watoto mpaka saa 4 usiku? Binti anajibu: nadhani ningeweza. Sikilizeni sauti: "Nadhaaani... ningeweza." Kwao jibu hilo ni hapana. Tena ni hapana nzito, ya mtu aliyekasirika. Mama wa Kimarekani anasikia ndiyo. "Safi sana! Wewe ni lulu!" Anakwenda zake, ameridhika.

Mnacheka, ila nyinyi ni walewale. Fundi akikuambia "tutaona" unaelewa nini? Ukimwalika mtu harusini akakujibu "nitajaribu", unamwekea sahani? Mzanzibari ana njia arobaini za kukataa na neno hapana halimo hata katika moja. Mwingereza ni binamu yetu katika hilo. Mmarekani siyo. Mmarekani anaomba waziwazi kwa sababu anategemea ukatae waziwazi. Ukikataa anasema haya, anatafuta mtu mwingine, na chuki hakuna. Usipokataa, kosa ni lake?

Yule mama hakuwa mtu mbaya. Narudia kwa sababu nikimaliza kuongea huwa nafuatwa na watu wanaotaka kumtukana. Siku moja tulikutana dukani, akamsifu binti kwangu: hajawahi kutukatalia kitu hata siku moja. Jumanne yake nikamuuliza binti mwenyewe. Akaweka kikombe chini. "Nimewakatalia tangu Septemba!"

Mtaniambia, si wote wanasema Kiingereza? Ndiyo, na hapo ndipo tatizo lilipo! Binti wa Kibrazili au wa Kijerumani anafika na kamusi, kila mtu anamsubiri akosee, anaelezwa jambo mara mbili. Mwingereza hakuna anayemweleza. Ni kama sisi tukivuka Namanga. Unasema "naomba maji", mhudumu wa Nairobi anahisi unaomba bure. Naye akija Dar anasema "nipe maji", tunamwona hana adabu. Lugha moja, na kila mmoja anaondoka amenuna.

Haya, ratiba. Ilibandikwa kwenye mlango wa jokofu kwa sumaku yenye umbo la kamba koche, mdudu wanayejivunia sana kule pwani yao. Kila mtoto alikuwa na rangi yake: mwekundu, bluu, kijani. Binti alikuwa njano. Njano saa 1 hadi saa 3 asubuhi, njano tena saa 8 na nusu mchana hadi saa 1 na nusu usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi saa kumi mfululizo. Jumlisheni: 35 na 10, ni 45. Na sheria inasema 45 kwa wiki, zisizidi 10 kwa siku, siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, na wikiendi moja nzima kila mwezi. Kwenye karatasi ile familia ilikuwa safi. Ungeweza kuipeleka mahakamani ikapewa cheti.

Ila mtoto akipata homa, kituo hakimpokei. Anabaki nyumbani, na binti anabaki naye kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Hapo hapakuwa na rangi. Halafu kulikuwa na kile kidude cha kusikilizia mtoto, mnakijua, kimoja kinakaa kwa mtoto na cha pili kwa mzazi. Mtoto mdogo alipoanza kuamka usiku, baba alishuka nacho mpaka chumba cha chini alikolala binti, akakichomeka kando ya kitanda. Kwa siku mbili tatu tu, wiki hii tuna mikutano. Kikakaa miezi mitano. Mtoto akitulia kinawaka taa moja ya kijani. Akijigeuza, taa zinapanda, njano, kisha nyekundu. Binti aliniambia amefika mahali anaamshwa na taa kabla ya kilio. Macho yamefumba lakini anajua ni rangi gani. Saa hizo zote hazikuwahi kufika kwenye mlango wa jokofu.

Nikamwambia, kanuni unazijua kwa kichwa, mbona husemi? Jibu lake ndilo linalonipandisha jukwaani kila mwaka. Alisema: Siku ya Shukrani walinikalisha mezani na bibi yao. Krismasi walinitundikia soksi ukutani pamoja na za watoto, imeshonwa jina langu. Nitaanzaje kuwahesabia saa?

Mnaona? Soksi moja ya sufu imefuta miezi mitano ya usiku. Tena walioishona hawakuwa na hila yoyote. Wangekuwa na hila, binti angeigundua akapiga simu kwa wakala. Walimpenda kweli, na kupendwa kule ndiko kulikomfunga mdomo.

Sasa hela. Najua mzee wa pale mbele ananisubiri kwenye hela. Kiwango chake kilikuwa dola 195.75 kwa wiki. Hizo senti zinatoka wapi? Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho, yaani serikali kuu ya Marekani, ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Zidisha kwa 45, unapata 326.25. Kisha wanakata asilimia 40 ya chakula na malazi, yaani dola 130.50 kila wiki, kwa chumba cha chini ya nyumba na chai ya maikrowevu. Utasema lakini kula na kulala ni gharama, nani atamlisha bure? Sawa, tuhesabu. Kanuni za jimbo la Massachusetts zenyewe zilikuwa zinamruhusu mwajiri kukata dola 35 kwa wiki kwa chumba, na kwa chakula dola 1.50 asubuhi, 2.25 mchana, 2.25 jioni. Hiyo ni dola 6 kwa siku, 42 kwa wiki. Jumla 77. Nchi moja, nyumba moja, kitanda kilekile: shirikisho linakuuzia kwa 130.50, jimbo kwa 77.

Mwaka 2014 Massachusetts ikapitisha sheria ya haki za wafanyakazi wa majumbani. Wakala mmoja akaenda mahakamani kusema haituhusu, hawa ni wa utamaduni. Desemba 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho pale Boston ikasema inawahusu. Januari 2020 kima cha chini cha jimbo kikawa dola 12.75. Mara 45 ni 573.75, toa 77, inabaki 496.75. Binti wangu angekuja miaka saba baadaye, angepata dola 301 zaidi kila wiki. Zipo familia zilizolia kwamba mpango umekufa, hawauwezi tena. Nawaamini, kulea watoto Boston ni ghali kweli. Lakini kama bei ya kitu imewezekana miaka yote kwa kuwa mtu fulani haamki kuhesabu saa zake, basi hiyo haikuwa bei.

Mama mwenye kitenge cha njano ametikisa kichwa tangu nianze. Ndiyo, mama, nimekuona. Unataka kusema dada wa kwako unampenda. Kipaza sauti utapewa, nakuahidi. Nami sikuja kuwasema Wamarekani. Sisi ndio tulioanza mchezo huu wa majina. Tunamwita dada. Mtoto anamwita dada, baba mwenye umri wa kumzaa anamwita dada, na dada anakula jikoni tukishamaliza. Au pair angalau anakaa mezani.

Dakika ngapi, mwenyekiti? Nane? Umeniibia, lakini sawa.

Kila mahali naulizwa ile kesi ya 1997, ya Louise Woodward, Mwingereza wa miaka 19, kuhusu mtoto mchanga aliyefariki akiwa katika malezi yake huko huko Massachusetts. Baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa mauaji ya daraja la pili. Siku chache baadaye, tarehe 10 Novemba, Jaji Hiller Zobel alibadili kuwa kuua bila kukusudia, akahesabu siku 279 alizokwisha kukaa ndani kuwa ndiyo adhabu. Madaktari wamebishana tangu siku ile. Siingii humo, kuna wazazi waliozika mtoto, na mimi si daktari. Nasema tu kwamba leo kanuni hazimruhusu au pair kuachwa peke yake na mtoto wa chini ya miezi mitatu, na akipewa wa chini ya miaka miwili lazima awe na saa 200 za uzoefu zilizothibitishwa kwa maandishi. Unayetaka kwenda, usidanganye kwenye saa hizo 200. Shangazi yako yuko tayari kukuandikia barua, najua. Kataa. Kataa kwa Kimarekani.

Masomo: anatakiwa asome krediti 6 za chuo kwa mwaka, familia inachangia mpaka dola 500. Dola 500 Boston ni vitabu na nauli. Naruka.

Gari. Binti aliwahi kuingia barabara kwa upande wa Kiingereza, watoto nyuma wakishangilia. Tungehitaji mhadhara mwingine. Naruka.

Kuhama familia inawezekana, wakala analazimika kukusikiliza, ila muda huwa mfupi, na usipopata nyumba nyingine unarudi kwenu. Ndiyo maana wengi wanavumilia. Na ile kesi ya madai ya Denver iliyofunguliwa 2014: mawakala walishtakiwa kwamba walikubaliana kuishikilia pesa ya mfukoni isipande. Walikana, na mwaka 2019 wakakubali kulipa dola milioni 65.5 yaishe.

Wale wa Ujerumani, maana majirani zetu Wakenya wamejaa kwenye madarasa ya Kijerumani na nyinyi mmeanza kuwafuata: kule ni saa 30 kwa wiki, euro 280 kwa mwezi, lazima uwe na Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya kwanza. Maswali yenu nitayajibu nje.

Yule binti alimaliza mwaka wake. Mwezi wa tisa alikuja Jumanne moja na kile kidude mfukoni. Alikuwa amekichomoa asubuhi, anataka kukipandisha juu kwa wenyewe, akafanya mazoezi kwangu kwanza. Mimi mama wa Kimarekani, yeye yeye. Nikasema, mpenzi, unaweza kukaa nacho wiki hii tu? Akajibu: nadhani... Nikagonga meza. Tena. "Labda ingekuwa..." Tena! Mara ya sita akasema hapana, kwa sauti iliyomwamsha bibi kwenye kiti chake. Bibi akauliza nani amekufa.

Jioni alikipandisha juu. Baba akasema ah, sawa, akakipokea, akaendelea kuosha vyombo.

Mama, kipaza sauti hicho kinakuja. Ila kabla hujaanza, nisaidie kitu kimoja: dada wa kwako jana alilala saa ngapi?