Pima joto la jengo kwenye kompyuta kabla ya kununua kiyoyozi: ofisi ya Dar es Salaam

Karibu mtazamaji. Leo tunaunda modeli ya ofisi isiyo na ghorofa, mita 12 kwa 8, vyumba vinne, tofali za inchi sita, bati la geji 28 na dari la jipsamu. Tunatafuta jibu la swali moja: ili umeme wa kiyoyozi upungue, tuanze kubadilisha nini?

Tunachora kwenye SketchUp yenye kiongezi cha OpenStudio. Hesabu inapigwa na EnergyPlus, programu ya Wizara ya Nishati ya Marekani, kwa saa zote 8,760 za mwaka. OpenStudio na EnergyPlus hazilipiwi.

Kwanza pakua faili la hali ya hewa la Dar es Salaam, lile linaloishia na EPW. Lifungue uhakikishe latitudo ni karibu 6.8 kusini na saa za eneo ni +3. Ukiacha faili la mji mwingine lililokuja na mfano, programu haitalalamika. Itakupa tu majibu ya mji huo.

Sasa tuweke kaskazini. Mhimili wa kijani ndio kaskazini ya modeli. Kiwanja kikiwa kimekaa mshazari, zungusha modeli kwa digrii halisi. Usipite haraka hapa. Dar es Salaam, kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, na miezi inayobaki liko kusini. Ukikosea mwelekeo, kivuli chote utakiweka ukuta usiohusika.

Chora sakafu ya kila chumba, kisha inua hadi mita 3. Ukuta kwenye modeli ya nishati ni uso mmoja usio na unene, kwa hiyo vyumba viwili jirani lazima vigusane kabisa. Ukiacha nafasi ya sentimita 15 kama kwenye ramani ya fundi, ukuta wa ndani utahesabiwa kuwa unapigwa na jua. Endesha amri ya kulinganisha nyuso, halafu angalia rangi: kijani ni uso uliopata mwenzake, buluu unagusa nje. Ukiona buluu katikati ya jengo, rudi ukarekebishe.

Paa ndilo linaloharibu modeli nyingi. Usiunganishe bati na dari kuwa uso mmoja. Nafasi ya kenchi ifanye zoni yake, yaani eneo ambalo joto lake linahesabiwa peke yake, isiyopozwa, yenye hewa inayopita. Mchana bati linachemka, hewa ya pale juu inapata moto, na dari la jipsamu la milimita 9 halizuii kitu cha maana. Weka pia kiwango cha bati kunyonya jua: bati jekundu lililofifia anza na 0.7, jeupe safi 0.3. Namba hii moja inastahili dakika zako nyingi kuliko rangi za modeli.

Kwa kuta, futa seti ya vifaa iliyokuja na programu, kwa sababu ile ya Marekani ina vizuia joto ambavyo hatuna. Andika lipu milimita 15, tofali milimita 150, lipu milimita 15. Kioo cha kawaida kimoja: kiwango cha kupitisha joto (U-value) 5.8 W/m²K. Madirisha ya alminiamu ya kusukuma huvuja, hivyo anza na hewa kubadilika mara 1 kwa saa. Uvujaji huu una uzito pwani, kwani kiyoyozi hutumia nguvu kukausha unyevu, si kupoza tu. Ratiba: saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kiyoyozi nyuzi 24.

Endesha hesabu, kisha soma faili la makosa kabla ya matokeo. Ukitumia mfumo wa upozaji wa kinadharia (Ideal Air Loads), unaopoza bila kuhesabu mashine yenyewe, tahadhari: kWh unazoziona ni joto linaloondolewa, si umeme. Gawanya kwa 3 hivi, kulingana na ufanisi wa kiyoyozi chako. Joto la kWh 9,000 ni umeme wa kWh 3,000.

Linganisha na LUKU, mita yako ya umeme wa kulipia kabla. Usitumie tarehe za kununua; andika salio tarehe 1 kila mwezi. Salio la mwanzo, jumlisha ulizonunua, toa salio la mwisho: hayo ndiyo matumizi, na uniti 1 ni kWh 1. Kumbuka taa na kompyuta nazo zimo, hivyo ziweke kwenye modeli. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, unataka, kwa takwimu za kila mwezi, wastani wa kosa usizidi asilimia 5. Ukizidi, gusa ratiba na uvujaji kwanza, si kuta.

Modeli ikishakubaliana na mita, nakili faili na badilisha kitu kimoja kwa kila nakala: bati jeupe, sufi ya madini milimita 50 juu ya dari, kivuli cha madirisha ya magharibi. Kwa magharibi, kibaraza pekee hakitoshi. Saa kumi na nusu jioni jua liko takriban digrii 30 juu ya upeo, kwa hiyo dirisha la urefu wa mita 1.2 lingehitaji kibaraza cha mita 2. Jaribu mbao za wima za nje.

Mwisho, nakala ya nne ichanganye zote tatu. Usijumlishe akiba za nakala za kwanza, maana bati jeupe likishapunguza joto la kenchi, sufi inabaki na joto kidogo la kuzuia.